Uraiani ni mahali: namna jeshi linavyomjenga mtu, na kinachobaki akivua kombati

Neno "raia" lina kazi mbili. Mbele ya sheria, raia ni mwananchi, mwenye haki zake na nchi yake. Mdomoni mwa askari, raia ni yule mwingine: asiyevaa kombati, asiyejua kwata, anayetembea mikono mfukoni. Askari aliyekula kiapo cha kuilinda nchi huwaita wananchi wenzake "raia" kana kwamba yeye katoka taifa jingine. Na mkataba wake ukiisha hasemi ameacha kazi, kama anavyosema dereva au mhasibu. Anasema amerudi uraiani, kwa kiambishi kile kile cha mahali kinachotupa nyumbani na mjini. Kwake kuna mpaka, na ameuvuka mara mbili.

Mpaka huo hujengwa kwa muda mfupi mno. Mafunzo ya awali ya jeshi la nchi kavu la Marekani huchukua wiki 10, na ya Marine Corps, kikosi chake cha wanamaji wa miguu, wiki 13. Shule ya makuruta ya Uswisi ni wiki 18. Kijana wa miaka 19 aliyelelewa na wazazi, walimu na mtaa mzima anaingia getini, na kabla ya miezi mitano kuisha anatembea, anaongea na kulala tofauti, na watu 30 aliowakuta humo anawahesabu ndugu. Wengi hudhani kazi hiyo inafanywa na mahubiri ya uzalendo. Mahubiri yapo, na makuruta huyasinzia. Kinachofanya kazi ni mpangilio: nani analala kitanda cha jirani, nani anamsubiri nani, mwili unafanya nini, saa ngapi, pamoja na nani. Ukiuelewa mpangilio huo utaelewa pia kwa nini wengine hupotea siku unapoondolewa.

Kuvuliwa na kurudishiwa

Siku ya kwanza ni ya kuvuliwa. Nywele zinanyolewa, nguo za nyumbani zinafungwa kwenye begi na kupelekwa stoo, simu zinakusanywa, na mtu anaanza kuitwa kwa jina la ukoo au kwa namba. Mwanasosholojia Erving Goffman, aliyeandika mwaka 1961 kuhusu taasisi zinazoyafunga maisha yote ya mtu ndani ya ua mmoja, aliziweka kambi za jeshi kundi moja na magereza, nyumba za watawa na hospitali za wagonjwa wa akili. Zote huanza kwa kumpokonya mtu vitu vidogo anavyojitambulishia.

Mantiki yake ni rahisi. Ukishawanyoa na kuwavika watu sare, hakuna tena wa kujua nani mtoto wa tajiri. Kinachobaki cha kumpimia mwenzako ni kama anaamka akiitwa, kama anagawa maji yake, kama anadanganya amechoka. Kwa wengi hiyo ni mara ya kwanza maishani kupimwa hivyo, na ndiyo sababu hata waliolichukia jeshi hulikumbuka kama mahali pa haki fulani ambayo hawakuiona tena nje.

Lakini kuvua ni nusu ya kazi. Mafunzo mazuri yanarudisha kwa awamu: kwanza ruhusa ya kupiga simu, kisha kutembea bila kusindikizwa, kisha beji, mwisho kofia. Katika Legioni ya Kigeni ya Ufaransa, kuruta hukabidhiwa kofia nyeupe baada ya matembezi ya siku mbili, kilomita 50 au zaidi, kwenye mwisho wa mwezi wa kwanza. Legioni hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1831, inapokea watu wa mataifa yote. Kihistoria wengi wameingia kwa jina walilopewa getini, na anayetoka nchi nyingine hufungwa pamoja na mwenzake anayejua Kifaransa ili ajifunze lugha akiwa kazini. Tangu 1999, askari wake aliyejeruhiwa vitani anaweza kuomba uraia wa Ufaransa kwa sababu ya damu aliyomwaga. Huko kuvuliwa na kurudishiwa kumefika hadi kwenye utaifa wenyewe.

Wakufunzi wabovu ni wale wanaojua kuvua tu. Wanatukana wiki ya kwanza, wanatukana wiki ya kumi, kwa sauti ile ile. Kuruta wao hutii akiangaliwa, na akigeuziwa mgongo hufanya anavyotaka, maana hakupewa kitu cha kuogopa kukipoteza.

Kona ya nyuzi 45

Tuangalie kitanda, maana kinachekwa sana na walio nje.

Shuka la juu linatandazwa na kuchomekwa miguuni. Simama ubavuni pa godoro, shika ukingo unaoning'inia kiasi cha sentimita 40 kutoka mwisho wa kitanda, unyanyue na uulaze juu mpaka utokee umbo la pembetatu. Kipande kinachobaki kikining'inia, kichomeke chini ya godoro. Kisha ishushe ile pembetatu, ivute ikaze, nayo uichomeke. Kona inatoka na mstari wa nyuzi 45. Blanketi hivyo hivyo.

Mtu akiwa peke yake anahangaika. Akivuta upande huu, ule unalegea. Anazunguka, anarudi, muda unaisha. Wawili, mmoja kila ubavu, wanamaliza vitanda viwili huku yule wa peke yake bado anahangaika na kimoja. Mkufunzi analijua hilo tangu zamani. Dakika anazotoa hazimtoshi mtu mmoja, na suluhisho halisemi. Siku za mwanzo bweni zima linashindwa, magodoro yanapinduliwa, watu wanarudia. Halafu asubuhi moja mtu anamwambia jirani yake ambaye hata hampendi, "Njoo ushike huku." Unadhifu ndio sababu inayotajwa ya ukaguzi wa vitanda, ila mimi nauona kama faida ya pembeni. Kilichotafutwa ni ile sentensi.

Kwata

Mwishoni mwa karne ya 16, kamanda Maurits van Nassau wa Uholanzi aliigawa kazi ya kushindilia na kufyatua bunduki kuwa vitendo vidogo, kila kimoja na amri yake. Mwaka 1607 mchoraji Jacob de Gheyn alichapisha michoro 117 ya vitendo hivyo, vya bunduki na vya mkuki. Sababu ilikuwa ya kiufundi kabisa: askari walisimama wakiwa wamebanana, kila mmoja na utambi unaowaka mkono mmoja na baruti mkono wa pili. Aliyefanya kitendo cha kumi wakati jirani yuko cha saba angeweza kumchoma.

Bunduki hizo zimekwisha, na hakuna anayekwenda vitani kwa gwaride mbele ya bunduki za rashasha. Kwata imebaki, na si kwa ajili ya sherehe tu. Mwanahistoria William McNeill, aliyechukuliwa jeshini Marekani mwaka 1941 na kufunzwa Texas, alieleza miaka mingi baadaye jinsi kutembea kwa hatua moja kulivyompa hisia ya kupanuka, kama kwamba mwili wake umekuwa mkubwa kuliko yeye. Mwaka 2009 watafiti Wiltermuth na Heath walilijaribu jambo hilo kwa watu wasio askari: waliotembezwa kwa hatua moja walishirikiana zaidi katika mchezo wa fedha uliofuata kuliko waliotembea kila mtu na mwendo wake. Mchakamchaka una dawa hiyo hiyo, ukiongezewa sauti, kwa sababu kuimba ukiwa unakimbia kunalazimisha hata pumzi ziende pamoja.

Kila jeshi lina kipimo chake, na kipimo huwa kitambulisho. Mwendo wa kawaida wa Marekani ni hatua 120 kwa dakika, kila hatua sentimita 76. Legioni ya Ufaransa hutembea 88, polepole kiasi kwamba kwenye gwaride la sikukuu ya taifa, Julai 14, huwekwa nyuma ya vikosi vingine vya miguu wasije wakavikwamisha. Muulize mlegioni aliyestaafu kama angependa kuongeza kasi, uone atakavyokutazama.

Kwata huharibika inapogeuzwa adhabu ya masaa. Baada ya muda fulani hatua zinalegea, mwili unaanza kuhusisha "mguu sawa" na uonevu, na ile hali ya kupanuka haiji tena. Mkufunzi mwenye akili husimamisha zoezi kikosi kikiwa kimetoka kufanya vizuri.

Hesabu ya watu wanane

Katika jeshi la Kirumi, kundi dogo kabisa lilikuwa watu 8 wenye hema moja, nyumbu mmoja na jiwe la kusagia nafaka. Seksheni ya askari wa miguu ya Uingereza leo ni watu 8, ya jeshi la nchi kavu la Marekani 9. Silaha zimebadilika, ramani zimebadilika, na bado namba inakaribia ile ile. Hao ni watu ambao sauti moja inaweza kuwafikia, na jicho moja likajua nani hayupo.

Na ndio watu wanaotosha lindo. Chukua usiku wa saa 8, walinzi wawili kila zamu, zamu ya saa 2. Hesabu inatoka watu 8 kamili, na kila mmoja analala saa 6. Wenye uzoefu huzipishanisha zamu kwa saa moja, ili wakati wowote mmoja kati ya wawili awe na macho yaliyokwisha kuzoea giza; macho yanataka nusu saa hivi kulizoea sawasawa. Anayekwenda kuamsha mrithi wake hamwiti kwa sauti. Anamgusa, anangoja akae, anahakikisha ameelewa, kisha anamnong'oneza alichokiona: ule mlio wa kulia ni bati, mbwa amepita mara mbili, upande wa barabara kimya. Hapo ndipo anapokwenda kulala.

Mmoja akiugua, kuna mtu atakayelinda zamu mbili, na kila mtu anamjua ni nani. Mmoja akisinzia lindoni, saba walikuwa wamelala mikononi mwake. Mtu aliyelala usingizi mzito mahali pa hatari kwa sababu anamjua aliye macho amepata kitu ambacho maisha ya kawaida huwapa watu wachache. Uraiani tunasema tunaaminiana, tukiwa na maana kwamba hatujawahi kupimana.

Mwaka 1948 wanasosholojia Edward Shils na Morris Janowitz walichapisha utafiti kuhusu jeshi la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, uliotegemea sana mahojiano na mateka. Walikuta kwamba kilichowafanya wengi waendelee kupigana, hata vita ilipokuwa wazi imeshindwa, kilikuwa kundi dogo la karibu zaidi ya itikadi ya Kinazi. Kundi lilipovunjika, na mtu akabaki na watu asiowajua, ndipo alipoacha. Wanahistoria wa baadaye wamebishana nao, hasa kwa uwanja wa vita wa mashariki, dhidi ya Wasovieti, ambako makundi yaliteketea mapema na bado watu waliendelea, tena na ukatili mkubwa. Ubishi huo una maana. Itikadi ina nguvu zake. Ila kundi dogo bado linabeba mzigo mkubwa.

Ubaya ni kwamba uaminifu wa aina hii hauna macho. Kundi linalomficha mwenzao aliyechelewa lindoni ndilo litakalomficha aliyeiba, na kesho aliyempiga mfungwa. Kiongozi anayejivunia umoja wa kikosi chake bila kuuliza umoja huo unaficha nini anajitafutia balaa.

Kuchanganya watu

Kuna dai la zamani kwamba jeshi linaunganisha taifa, kwa kuwalaza pamoja watu ambao wasingekutana. Ni kweli kwa masharti. Hispania, kabla ya kusitisha jeshi la lazima mwaka 2001, iliwapangia vijana mahali pa kutumikia kwa bahati nasibu. Watafiti waliokuja kulinganisha walikuta kwamba waliopelekwa nje ya mikoa yao, hasa waliotoka mikoa yenye utambulisho wake mzito, walijihisi Wahispania zaidi. Burundi, baada ya makubaliano ya Arusha ya mwaka 2000, jeshi liligawanywa nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi. Uchunguzi wa mtafiti Cyrus Samii uliochapishwa 2013 ulionyesha chuki ikipungua kwa waliochanganywa, licha ya vita waliyotoka kupigana.

Halafu kuna Norway, na huu ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu unaharibu raha. Wanaume waliopangwa kwa bahati nasibu kuishi chumba kimoja na wanawake wakati wa mafunzo ya wiki 8 walibadilisha mawazo yao kuhusu uwezo wa vikosi mchanganyiko. Mafunzo yakaisha, wakatawanywa. Walipoulizwa tena baada ya miezi 6, mabadiliko yalikuwa yameyeyuka.

Mpangilio ulikuwepo, mawazo yakawepo. Ulipoondoka, yakaondoka nao.

Panapoharibika

Adhabu ya pamoja ndiyo zana inayotumiwa vibaya kuliko zote. Inafanya kazi pale tu kosa linapokuwa ndani ya uwezo wa kundi kulirekebisha: mmoja hawezi kufunga shanta, wenzake wanamfundisha. Mmoja akiwa na kasoro isiyorekebishika kwa juma moja, tuseme magoti mabovu, kundi haliwezi kumsaidia na linaendelea kuadhibiwa. Litamtafuta usiku. Mkufunzi atasema hakujua.

Unyanyasaji wa wakongwe kwa wageni una chanzo kingine. Katika jeshi la Kisovieti, na la Urusi baadaye, ulishika mizizi kwa sababu vijana wa awamu tofauti waliishi bweni moja huku masajini wenye taaluma wakiwa wachache. Mamlaka ya usiku hayakai wazi. Yalichukuliwa na waliotangulia kuingia. Urusi ilipunguza utumishi wa lazima kutoka miaka 2 hadi miezi 18 mwaka 2007, kisha 12 mwaka 2008, na kupunguza tabaka hizo ilikuwa moja ya hoja.

Kosa la tatu ni la makarani. Vietnam, askari wa Marekani alikwenda kwa miezi 12, kwa kawaida akiwa peke yake, akiingizwa kwenye kikosi ambacho kila mtu alikuwa na tarehe yake ya kuondoka. Mgeni alikuwa hatari, mwenye siku chache alikuwa mwoga, na wa katikati hakutaka kumjua yeyote. Kisha alipandishwa ndege, na ndani ya siku mbili tatu akawa mtaani kwao. Baba yake aliyetoka Ulaya mwaka 1945 alikuwa amekaa melini siku nyingi na watu aliopigana nao, wakisimulia mpaka simulizi zikachoka. Ndiyo maana Uingereza ilipokuwa Afghanistan iliwapitisha kisiwani Kupro askari waliokuwa wakirudi, kwa siku moja na nusu hivi: wanaoga baharini, wanakunywa bia za kuhesabiwa, wanazungumza, ndipo waende nyumbani.

Kuvua

Baadhi ya kinachobaki kinapimika. Utafiti wa vijana wa Ujerumani uliochapishwa 2012, ukilinganisha waliokwenda jeshini na waliochagua utumishi wa kiraia, ulikuta waliopita jeshini wana ulaini mdogo zaidi wa kupatana na watu, na tofauti ilikuwa bado ipo miaka 5 baadaye. Hao hawakuwa wametoka vitani. Ni mafunzo na maisha ya kambi tu.

Mengine huonekana kwa jirani. Anafika dakika kumi kabla na kukasirika na anayefika saa yenyewe. Anakaa mgongo ukiwa ukutani. Anaudhika na kikao kinachoisha bila mtu kupewa kazi na tarehe. Kila tabia kati ya hizo ilikuwa na sababu mahali pake, na mtu wa nyumbani anayeiita wazimu atashindwa kumsaidia. Tofauti na hizi ni ugonjwa: usingizi usiokuja, ndoto zinazojirudia, kushtuka. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza ugonjwa wa baada ya kiwewe kwenye mwongozo wao mwaka 1980, na baadaye Jonathan Shay, daktari wa askari wa Vietnam, akatenga kitu kingine, jeraha la dhamiri: si hofu ya kilichokupata, ni mkubwa wako kuisaliti haki; watafiti wengine wakaongeza kile ulichokifanya mwenyewe. Hayo yanahitaji mtaalamu. Kumwambia mtu "jikaze" ni kumrudisha kule kule.

Lakini wengi wanaohangaika uraiani hawaumwi chochote. Wamepoteza seksheni. Hakuna anayewahesabu asubuhi. Makosa ya mwezi wa kwanza yanafanana: kulala bila saa, kungoja maelekezo ambayo hayaji, na kuigeuza nyumba kombania. Hili la mwisho linaumiza zaidi, kwa kuwa nyumba hiyo ilikuwa na mpangilio wake alipokuwa hayupo, na yeye ndiye kuruta ndani yake. Aulize nani analipa nini na nani anachukua watoto kabla ya kutoa amri yoyote.

Kinachosaidia hakina siri. Kundi dogo, kazi ya mikono au ya miguu, siku na saa isiyobadilika, na mtu atakayepiga simu usipotokea: timu ya uokoaji, kwaya, timu ya mpira, ujenzi wa pamoja. Vikao vya maveterani vya kukumbushana peke yake ni hafifu, kwa sababu hakuna anayemhitaji mwenzake afanye chochote. Kwenye maombi ya kazi, cheo kitafsiriwe kwa lugha ya kawaida: "sajini" haimwambii mwajiri kitu, "niliongoza watu 8 na vifaa vyao kwa miaka 3" inamwambia.

Wanaosahaulika ni walioumia mafunzoni na kurudishwa kabla ya kofia. Walivuliwa, hawakurudishiwa. Si askari wastaafu, na uraia wao wa zamani umeshachubuka. Hakuna gwaride la kuwaaga, na mara nyingi wenzao wako uwanjani wakati gari linawatoa getini.

Waliomaliza hutambuana bila shida. Kwenye foleni yoyote, mmoja anaona saa iliyovaliwa uso ukiwa ndani ya kiganja, kama inavyovaliwa usiku ili kioo kisimeremete. Anauliza mwaka gani. Kisha depo gani. Kisha kikosi gani, na kama yule sajini meja mwenye sauti ya kukwaruza alikuwepo bado. Hapo tayari wanacheka. Majina yao wenyewe huja baadaye, wakati mwingine foleni ikiwa imeshafika mbele.